Sihiri Isiyo na Mahakama

Viko vitu viwili vilivyotundikwa hewani juu ya Afrika Mashariki, visivyogusa ardhi wala kushikwa na kamba, navyo havikutundikwa kwa mkono mmoja wala kwa muradi mmoja. Cha kwanza ni nchi ya Kusadikika, ambayo marehemu Shaaban Robert aliwatolea wasomaji mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa ingali chini ya udhamini wa Waingereza na mtunzi mwenyewe akila mshahara wa karani wa serikali hiyo hiyo. Cha pili ni shule ya sihiri iitwayo Uagadou, ambayo J.K. Rowling, mtunzi wa visa vya Harry Potter, aliitangaza mwezi wa Januari 2016, akasema kuwa imechongwa katika ubavu wa mlima na kugubikwa na ukungu hata mara nyingine huonekana kama ielea angani, na kwamba anwani yake pekee ijulikanayo ni Milima ya Mwezi.

Shule hiyo ilipotangazwa walitokea watu walioghadhibika, wakasema kuwa Waingereza wamepewa shule yao na Wafaransa yao, ilhali Waafrika wote, kutoka Rasi ya Matumaini Mema mpaka Tunisi, wamerundikwa katika darasa moja. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mimi siishiki sana. Ajnabi ana ruhusa ya kuota juu ya milima yetu kama sisi tulivyo na ruhusa ya kuota juu ya mito yake, na ndoto haitozwi ushuru mpakani. Fauka ya hayo, Bi Rowling ametupa sifa ambazo mtu mwenye kiburi kidogo angezipokea kwa furaha: wanafunzi wa Uagadou hawahitaji ufito wa sihiri, kwa kuwa ufito huo ni uzushi wa Ulaya, bali hutenda yote kwa kidole na kiganja, mtoto aliyechaguliwa huitwa katika usingizi, na aamkapo hukuta mkononi mwake jiwe lenye maandishi, na wahitimu wake ni mabingwa wa kujigeuza tembo na duma. Taksiri ninayoiona ni nyingine kabisa. Nchi ya kweli inapotiwa katika ulimwengu wa sihiri, naidai jambo moja tu, nalo ni kwamba ibaki na mahakama, yaani ibaki na mahali ambapo mwenyeji wake aweza kushitaki, kushitakiwa na kujitetea. Na nchi iliyonyimwa mahakama katika hekaya imenyimwa watu wake, hata ijazwe miujiza kiasi gani.

Tuitazame Milima ya Mwezi yenyewe. Jina hilo lilipata kuandikwa na Claudius Ptolemaeus wa Iskandaria katika karne ya 2, kwa habari zilizotoka kwa msafiri wa Kiyunani aliyefika Rhapta, bandari ya pwani hii yetu. Likarudiwa na al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, katika ramani aliyomchorea mfalme wa Sisilia mwaka 1154. Kisha Henry Morton Stanley akaiona theluji ya Rwenzori kwa macho yake mwaka 1888, na dunia ikakubali kuwa ndiyo milima iliyosemwa. Kwa hiyo mlima ule umekuwa katika hekaya za wageni kwa miaka karibu elfu mbili, na muda wote huo ulikuwa na wenyewe. Wakonzo wanaokaa katika miteremko yake wana mungu wao wa mlimani, Kithasamba, ambaye makao yake ni kule thelujini. Na wakati Uganda ilipokuwa ikingoja uhuru wake mwaka 1962, watu hao walijitenga na utawala wa Toro wakatangaza nchi yao wenyewe, wakaiita Rwenzururu, jina la theluji ile ile, wakaipigania kwa miaka mingi, mpaka serikali ya Uganda ikautambua ufalme huo mwaka 2009. Mwezi wa Novemba 2016, mwaka ule ule uliozaliwa Uagadou, majeshi ya serikali yalilivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, wakafa watu zaidi ya mia moja.

Simlaumu mwandishi wa Uingereza kwa damu hiyo. Shule yake ilitangulia kwa miezi kumi. Nasema tu kwamba katika mlima wake wenye ukungu hamna nafasi ya Mkonzo hata mmoja kupita, wala ya Kithasamba. Jina la shule linanukia Wagadou, yaani dola ya kale ya Ghana, na Ouagadougou ya Burkina Faso. Mhitimu wake mashuhuri ni Babajide Akingbade, jina la Kiyoruba lisilo na shaka. Na mwenye mlima hakualikwa hata kuwa bawabu. Mtunzi alipoulizwa nchi gani alitaja Uganda, jambo ambalo ni jema, lakini kutaja nchi na kuijua si kitu kimoja.

Kusadikika nayo yaelea, tena kwa shauri la mtunzi aliyeamua kwa makusudi kuiondolea ardhi, maana ardhi ilikuwa na wenyewe wenye mamlaka ya kumfukuza kazi. Walakini tazama alichokiweka juu ya wingu lile. Aliweka mfalme, akaweka mawaziri, akaweka gereza, akaweka mshitaki mwenye ndimi kali aitwaye Majivuno, na mbele yao akamsimamisha kijana Karama, ambaye kosa lake lilikuwa kuanzisha mafundisho ya uanasheria katika nchi isiyotaka raia wajue sheria. Kitabu kizima, ukikiondolea mapambo, ni shauri la siku sita mahakamani. Kila siku Karama anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi yake kwenda kutafuta heri, wa mashariki, wa kaskazini, wa magharibi, wa kusini, wa mbinguni na wa ardhini, na kila mjumbe alirudi na maarifa yenye manufaa, akalipwa kifungo. Humo mna safari za ajabu zisizopungua za Sindbadi, na mtoto husoma kwa ajili ya ajabu hizo. Lakini mtu mzima wa mwaka 1951, aliyejua jinsi barua ya malalamiko inavyofikishwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, na jinsi isivyojibiwa, hakuhitaji kuambiwa kuwa nchi ile ya mawinguni ilikuwa chini ya miguu yake. Hapo ndipo napata kipimo changu. Shaaban Robert aliigeuza Tanganyika kuwa nchi ya kusadikika, akaipa nchi hiyo kitu ambacho Tanganyika yenyewe haikuwapa watu wake, nacho ni mtuhumiwa kuachwa aseme mpaka amalize.

Sasa naomba msomaji atoke mawinguni aje Lukole, maana huku magharibi ya Kagera, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, tulipata kuwa na warsha kubwa ya kubuni nchi, kubwa kuliko duka lolote la vitabu, na hatukuitambua kwa sababu wabunifu wake walikuwa wakipanga foleni ya mahindi. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka kwa makundi kuja kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda robo milioni wakavuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne hivi. Na Wanyarwanda wale waliporudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996, Lukole ikabaki kambi ya Warundi, Lukole A na Lukole B, yenye watu karibu laki moja, vibanda vya miti na shitingi vikipangwa kwa mistari kama madaftari ya karani. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Chakula kilipimwa, mafuta yalipimwa, kuni zilikuwa ugomvi na wenyeji. Mwanaanthropolojia wa Denmark, Simon Turner, aliyekaa na watu hao mwaka 1997 na 1998, alisikia wakisema kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limekuwa mume bora kuliko waume wa nyumbani, kwa maana ndilo lilishalo na ndilo livishalo. Usemi wa uchungu, na mwanamume aliyekuwa na shamba na mbuzi kule Kirundo au Muyinga hakuweza kuusikia bila ya kuinamisha uso.

Mtu aliyefungiwa ndani ya kilomita nne, asiyelima wala kufuga, hubakiwa na kinywa. Basi wakaisimulia Burundi. Watoto waliozaliwa Lukole, wakasomeshwa kwa mitaala ya nchi ambayo hawakupata kuikanyaga, waliipokea nchi hiyo jioni kwa jioni kutoka vinywani mwa wazee wao, milima yake, mito yake, ngoma zake na khiyana zake. Jambo hilo lilikwisha kuonekana kabla ya Lukole: Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kama Turner, alikaa mwaka 1985 na 1986 katika makazi ya Mishamo, kwa wakimbizi wa mauaji ya Burundi ya 1972, akaona kwamba walikuwa wamejitungia tarehe yao wenyewe, nusu historia na nusu hekaya tukufu. Katika tarehe hiyo nchi ya kale ilikuwa ya wakulima wenye amani. Kisha wakaja wageni kutoka kaskazini wenye hila na ng'ombe. Na ng'ombe aliyetolewa zawadi, ambaye maziwa yake yalinywewa kwa furaha, akageuka mnyororo shingoni mwa mpokeaji na watoto wake. Ng'ombe yule ni sihiri iliyo kamili. Mtunzi yeyote wa hekaya za majini angemwonea wivu aliyemtunga.

Tena hekaya hii haikutungwa juu ya uongo. Mwaka 1972 waliuawa Wahutu kwa idadi inayozidi laki moja, wasomi kwanza, waalimu na wanafunzi wakitolewa madarasani. Na mtu aliyeponyoka akakimbilia msitu wa Mpanda ana haki ya kusimulia atakavyo. Lakini baada ya kuuawa Ndadaye, kabla jeshi halijalipiza kisasi, Watutsi wengi nao waliuawa vijijini kwa mapanga ya majirani zao, na kisa hicho hakikuwa na mahali katika Burundi iliyosimuliwa kambini. Turner alikipa kitabu chake cha mwaka 2010 jina linalohusu siasa za kutokuwa na hatia, na amepatia. Msimulizi mikono yake ni safi daima. Dhambi zote zina kabila moja. Na uvumi wa mpango mkubwa wa siri wa kuwaangamiza wote huzunguka kutoka kibanda hiki hadi kile, usiohitaji ushahidi, kwa kuwa kukosekana kwa ushahidi ndio ushahidi wa ustadi wa maadui. Hiyo nayo ni nchi ya sihiri isiyo na mahakama. Haina Karama. Hakuna awezaye kusimama katikati ya hekaya akamwuliza msimulizi, nawe siku ile ulikuwa wapi?

Naona hapa wasomaji fulani watanikemea kwa kuweka kambi ya watu waliofiwa katika mizani moja na hadithi ya watoto wa Kizungu. Nazikubali tofauti zote. Bi Rowling alikuwa na nafasi, na kompyuta, na wasomaji mamilioni. Mzee wa Lukole alikuwa na shitingi. Lakini kazi ya akili ni ile ile, yaani kuitwaa nchi iliyopo na kuipanga upya ili iwe na maana, na madhara ya kazi mbovu yanazidi pale palipo na mateso mengi. Shule ya Uagadou ikikosea, msomaji atapoteza jioni moja. Burundi ya kambini ikikosea, kijana atapewa bunduki.

Na tusijidanganye kuwa jambo hili ni la Warundi tu. Ngara yenyewe ni nchi iliyowahi kubuniwa upya kwa kalamu. Bugufi, ambayo ni sehemu kubwa ya wilaya hiyo, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana Afrika ya Mashariki ya Wajerumani mwaka 1919, Burundi ikaenda kwa Mbelgiji na Bugufi ikabaki kwa Mwingereza, na Mwami Mwambutsa akaendelea kuidai hata mwishoni mwa miaka ya 1940, madai yakafika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa bila ya kuzaa kitu. Kwa hiyo Mrundi aliyekimbilia Ngara alikutana na mtu anayezungumza Kihangaza, lugha wanayoelewana kwa urahisi, na baadhi yao babu zao walipiga magoti mbele ya mfalme mmoja. Lakini mmoja alikuwa mwenyeji na wa pili alikuwa namba katika kadi ya chakula. Aliyewatenga hakutumia ufito wala talasimu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilisema na wote wawili katika mawimbi yale yale, na mara nyingi nimewaza kwamba mtunzi wa riwaya angekaa katika chumba cha habari cha redio hiyo angetoka na vitabu vitatu.

Kagera haikosi mali ya kutungia. Katika kijiji cha Katuruka, kandokando ya Bukoba, inasimuliwa habari ya Mfalme Rugomora Mahe, aliyewakusanya wahunzi wake wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaporomoka. Na mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefuata simulizi za wazee badala ya kuzipuuza, alichimba hapo akakuta mabaki ya uhunzi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Wako Wachwezi wa hekaya za kale, yuko Wamara kati yao, yuko Mugasha mwenye ziwa na tufani. Na watunzi wa kanda ya ziwa hawakulala: Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu ambavyo wanafunzi hulalamika kuwa havifahamiki na mimi huwaambia wavisome polepole, na Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, aliandika Janga Sugu la Wazawa, akaingia moja kwa moja katika kadhia ya uchawi bila ya kuipaka asali.

Kadhia hiyo ndiyo inayonifanya nisizungumze habari za sihiri kwa kicheko kitupu. Huku kwetu, neno hilo linapotamkwa, mtu anaweza kufa. Tanzania ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, ambayo haimwadhibu tu anayedai kuufanya, bali pia anayemsingizia mwenzake. Na pamoja na kuwapo kwa sheria hiyo, katika mikoa ya kanda ya ziwa wameuawa vikongwe kwa sababu ya wekundu wa macho yao, uliotokana na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe ya kupikia, na wameuawa watu wenye ualbino kwa sababu ya uongo wa waganga juu ya viungo vyao. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi kwa ajili hiyo. Wako waalimu na viongozi wa dini, watu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba kwa hali hii hadithi za sihiri zisitungwe kabisa, wala zisiingizwe mashuleni, kwa maana zitaipalilia imani iliyokwisha kutuua. Siafikiani nao. Muuaji wa bibi kizee hakusoma riwaya, alisikia minong'ono. Minong'ono ni hekaya fupi sana, yenye mchawi, yenye msiba, isiyo na wakili, isiyo na siku ya pili ya kusikilizwa. Na kitu kinachoweza kushindana nayo katika masikio ya kijana ni hekaya ndefu zaidi na tamu zaidi, ambamo mtuhumiwa anapewa siku sita.

Ndiyo maana natamani riwaya ya Lukole. Kambi imekwisha kufungwa; watu wake wamerejea kwao, na wengine walihamishiwa kambi za Kigoma; miti inaota tena mahali palipokatwa kuni. Watoto waliozaliwa pale sasa ni watu wazima, baadhi yao wanakumbuka nchi mbili, ile waliyosimuliwa na ile waliyoikuta, na hapana shaka kulikuwa na mvutano mkubwa baina ya hizo mbili siku ya kwanza walipoonyeshwa shamba la babu na kukuta limelimwa na mwingine. Mtunzi atakayeingia humo na aitundike nchi yake hewani akipenda, au aizamishe chini ya mto Ruvubu, au awape wakazi wake mbawa, sitamwuliza neno. Ng'ombe yule wa Mishamo na atembee kurasa zote, akinywesha na kufunga. Lakini na awepo mwanamke wa Kitutsi wa mwaka 1993 anayesema alichokiona, na mwanamume wa Kihutu wa mwaka 1972 anayesema alichokiona, na mzee wa Kihangaza anayelalamikia miti yake, na kila mmoja wao aulizwe maswali na mwenzake mpaka jibu lipatikane au kikao kiahirishwe.

Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitunzwa mwezi wa Aprili 2023, na riwaya ni moja ya nyanja zake. Nawasihi waalimu wa Kiswahili wa Ngara na Biharamulo wawatafute vijana wenye mkono mzuri wa kuandika, wawape Kusadikika wakisome kama hati ya mashitaka na si kama kitabu cha mtihani, kisha wawapeleke wakae na wazee wa pande zote mbili za mpaka, daftari mkononi. Kama muswada utakaopatikana utakuwa na majini, iwe kheri. Na kama katika sura yake ya kwanza atashitakiwa bibi mwenye macho mekundu, basi hakimu wa nchi hiyo amwulize, kabla ya jambo lingine lolote, anapikia kuni gani.